Hela ya Ndaga

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Mama Esnath alisimama nyuma ya jiko lake akatazama ng'ambo ya mto. Huko, kwenye mlima wa pili, palikuwa na nyumba ndogo ya bati kati ya migomba. Moshi ukitoka kwenye nyumba ile, alijua binti yake ameamka salama. Ndipo na yeye alipoingia kuwasha moto wake.

Binti huyo aliitwa Tupokigwe. Nyumbani walimwita Tupo. Alikuwa mtoto wao wa pekee, yeye Esnath na mumewe Yohane. Aliolewa ng'ambo, kwa watu wema, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Kati ya mama na mtoto kulikuwa na mto Kalesi. Ni mto mdogo. Mtu mwenye mkono mzuri anaweza kurusha jiwe likafika ng'ambo. Lakini uko chini kwenye korongo, na una kelele kuliko ukubwa wake, kama watu wengine tunaowajua. Zamani palikuwa na daraja la magogo. Kutoka kwa Esnath mpaka kwa Tupo ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Masika ya mwaka juzi maji yaliyabeba magogo yote. Tangu hapo ni vijana tu wanaothubutu kuruka mawe, tena wakati wa kiangazi.

Mtu mwingine yeyote hana budi kuzunguka. Anapanda gari mpaka Tukuyu, halafu pikipiki saa mbili kwenye mawe na tope. Esnath aliumia kiuno siku moja alipoanguka kwenye pikipiki kama hiyo. Daktari alimkataza kupanda tena. Kwa hiyo njia ya kuzunguka kwake haikuwa njia.

Simu zilikuwepo. Lakini kwa Tupo mtandao unapatikana juu kabisa, karibu na kanisa, na tumbo lilikuwa limekuwa zito. Basi Jumapili moja walikubaliana kwa ujumbe kwamba wakutane mtoni. Esnath alitoka kanisani akateremka mpaka ukingoni. Tupo alisimama upande wa pili, amejifunga kitenge cha kijani.

"Unakula vizuri?" Esnath aliuliza kwa sauti kubwa.

Mto ulilimeza swali. Tupo aliweka mkono sikioni, akatikisa kichwa. Kisha alishika tumbo lake, akainua vidole saba. Miezi saba.

Walikaa pale, kila mmoja upande wake, mpaka mvua ilipoanza. Esnath alirudi nyumbani polepole. Alikuwa na hamu ya kumshika mwanawe mkono tu, basi.

* * *

Wiki ile alikuja Hezekia. Hezekia ni kijana wa pale kijijini, mwenye maneno matamu na viatu visivyojua tope. Diwani wa kata yao alikuwa amefariki, na uchaguzi mdogo ulipangwa mwezi wa nne. Hezekia alikuwa akimfanyia kampeni mmoja wa wagombea. Yeye alimwita Mheshimiwa hata kabla hajachaguliwa.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu," Yohane alisema. "Vuta kiti."

"Baba, mama, mmesikia habari ya hela? Kila aliyeuza majani ya chai mwaka jana anapata shilingi elfu thelathini. Mheshimiwa wetu amewakumbuka. Hii ni ndaga yake kwenu."

Ndaga ni neno la Kinyakyusa. Maana yake ni asante. Ni neno linaloingia kila nyumba, la kupokea na la kuaga. Ndiyo maana Hezekia alilichagua. Kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema "hela ya ndaga".

"Na sisi tufanye nini?" Yohane aliuliza.

"Si kitu kikubwa. Nipeni namba za kadi zenu za kupigia kura, majina yasije yakarukwa. Na mwezi wa nne msimsahau Mheshimiwa."

Yohane alileta kadi zote mbili. Hezekia aliandika kwenye daftari lake.

Esnath alitoka nje. Alikuwa amelelewa vizuri, na kwao chombo cha watu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea mahindi kwenye beseni, hulirudishi beseni mpaka umetia maharage. Sasa huyu mtu anampa elfu thelathini. Atamrudishia nini? Alimkamata jogoo wake mwekundu, akamfunga miguu, akampa Hezekia.

"Mpelekee. Mwambie nimesema ndaga fijo, asante sana. Na kura yangu ni yake, mbele za Mungu."

Jogoo hakuulizwa maoni yake.

Siku tatu baadaye mgombea alikuja kuhutubia kwenye uwanja wa shule. Esnath alikwenda mapema. Kwa muda mrefu alikuwa na swali moja. Alikuwa amelisema peke yake akichuma chai, amelisema akimenya ndizi. Daraja letu litajengwa lini?

Mgombea aliposema, "Mwenye swali asimame," Esnath aliinuka. Yohane alimshika kitenge.

"Mama Tupo, kaa."

"Nataka kuuliza la daraja."

"Tumeshakubali ndaga yake. Mtu anakupa, na wewe unasimama kumdai tena mbele ya watu? Tutaonekana watu gani?"

Esnath alikaa. Watu wengine nao walikaa kimya, maana wote walikuwa wameshasema ndaga. Mkutano uliisha kwa nyimbo na vigelegele.

Usiku ule aliuacha ugali sahanini. Alijiona amemsaliti Tupo, na hakujua ni wapi hasa alipokosea.

* * *

Ijumaa mvua kubwa ilimkuta njiani bibi maendeleo wa kata, yaani afisa wa maendeleo ya jamii. Jina lake Stumai. Alikuwa mtu wa Kisarawe, mkoa wa Pwani. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili kwenye baridi ya Rungwe, na bado alivaa masweta mawili. Alikimbilia kwa Mama Esnath.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia, utaganda."

Esnath alimpa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Stumai alishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Mama yangu angeniona hapa angecheka," alisema. "Kwetu sasa hivi watu wamelala nje kwa joto. Mwaka mzima sijamwona."

"Na mimi wangu namwona," Esnath alisema. "Ila simfikii." Akamweleza habari ya Tupo na mto.

Stumai alisikiliza, kisha akauliza, "Mmekwenda kutazama majina yenu? Orodha ya rejesho imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji tangu Jumatatu."

"Rejesho gani?"

"La ushuru wa chai. Ile elfu thelathini."

"Aa, hela ya ndaga."

"Ndaga ya nani, mama?"

Esnath alimweleza yote. Alimweleza daftari la Hezekia, kadi za kura, na jogoo. Stumai aliweka kikombe chini.

"Mama, nikuulize kitu. Jirani akiazima sufuria yako kubwa kwa ajili ya sherehe, halafu akairudisha, nani anasema ndaga?"

"Si yeye aliyeazima? Mimi niseme ndaga kwa sufuria yangu mwenyewe?"

"Haya. Ukiuza majani mabichi, kwenye kila kilo kuna ushuru unaokwenda halmashauri. Ushuru huo unatoka kwenye majani uliyochuma wewe, na kiuno hicho kibovu. Mwaka jana madiwani walikaa kikao, wakapitisha kwamba sehemu ya ushuru irudishwe kwa wakulima. Imeandikwa kwenye bajeti. Ndiyo maana inaitwa rejesho. Ni kitu kinachorudishwa."

"Sufuria yangu," Esnath alisema.

"Sufuria yako. Na jogoo umempa mtu aliyekuwa anapita njiani, akaiona sufuria ikirudishwa."

Esnath alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha kicheko kiliisha.

"Kwa hiyo pale uwanjani nilinyamaza bure," alisema.

Yohane alikuwa amesimama mlangoni, koti linadondosha maji. Alikuwa amesikia.

"Bibi maendeleo, mimi sina shule kubwa," alisema. "Lakini hela hii mbona imekuja sasa, uchaguzi uko mlangoni? Hata kama si ya huyu Mheshimiwa, si ndiyo kununua kura huko?"

"Baba, hapo umeuliza jambo ambalo hata wasomi wanabishana," Stumai alisema. "Wapo wanaosema ni mpango mzuri. Mkulima anajua shida yake, basi apewe hela yake aamue mwenyewe. Wapo wanaosema viongozi wanapenda kugawa hela karibu na kura ili watu wasahau mambo mengine. Mimi siwezi kuingia moyoni mwa mtu. Lakini mwananchi anaweza kupima."

"Anapimaje?"

"Anauliza. Nani aliamua, na imeandikwa wapi? Wanapata wote wanaostahili, au wanapata wa chama fulani tu? Na je, kuna kitu unachodaiwa ukipokea? Rejesho hili orodha yake iko wazi ubaoni. Kila aliyeuza majani yumo, awe wa chama gani. Halidai chochote. Hezekia ndiye anayedai. Akisema bila namba ya kadi yako hupati haki yako, anakudanganya. Na mtu akikupa kitu ili umpigie kura, hiyo ni rushwa. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wapo, mnaweza kwenda kueleza."

"Na kadi tumeshampa," Yohane alisema kwa huzuni.

"Amechukua namba tu, kadi mnayo. Namba haimwonyeshi ulivyopiga kura. Ukiingia kwenye kituturi, kile kibanda cha kupigia kura, uko peke yako."

Esnath alikuwa bado na mzigo. "Mimi niliahidi mbele za Mungu, mwanangu."

"Mimi si mchungaji, mama. Ila uliahidi kwa sababu uliambiwa uongo. Sikuambii umpigie huyu wala umnyime. Kazi yangu hainiruhusu, na kura si yangu. Nakuambia tu kwamba hakudai kitu."

Mvua iligonga bati. Esnath aliangalia upande wa mto, ingawa ukuta ulimzuia.

"Elfu thelathini," alisema. "Nitanunua sukari, sabuni, na mbolea kidogo. Itakwisha. Na daraja bado halipo."

"Hilo ndilo swali gumu kuliko yote," Stumai alisema. "Hela ikigawanywa, kila mtu ananunua chake. Ni vizuri. Lakini kuna vitu mtu mmoja hawezi kuvinunua hata akipewa hela. Daraja haliuzwi kwa vipande. Mngeulizwa mapema, pengine mngesema sehemu ibaki pamoja. Hamkuulizwa, kwa sababu hakuna aliyesimama kusema."

"Nani wa kusema?"

"Mkutano mkuu wa kijiji. Mwombe mwenyekiti aliweke daraja kwenye ajenda. Mkikubaliana, mnaandika muhtasari, mnapeleka halmashauri. Mhandisi atakuja kupima. Wananchi wakianza, halmashauri inakuwa na sababu ya kuongeza."

* * *

Mkutano ulifanyika wiki iliyofuata. Safari hii Esnath aliposimama, Yohane alishika mwavuli tu.

"Ndugu zangu," alisema, "nataka tuzungumze habari ya daraja."

Hezekia aliinuka nyuma. "Mama, hela ya Mheshimiwa umekubali. Shukrani iko wapi?"

Esnath alimgeukia taratibu. "Gwe, wewe Hezekia. Mama yako aliazima sufuria yangu siku ya ubatizo wako. Aliporudisha, mimi ndiye niliyesema ndaga?"

Watu walianza kucheka. Esnath alieleza habari ya ushuru na habari ya rejesho. Alisema orodha iko ubaoni, kila mtu akaisome au asomewe. Alisema hata jogoo alivyoondoka. Walicheka zaidi, maana kuku wengi wa kijiji kile walikuwa wameondoka kwa njia hiyo hiyo. Wengine hawakuweza kucheka sana. Hezekia alikaa.

"Basi kama ni yetu, tuamue," Esnath alisema. "Mimi mwanangu namwona kila siku ng'ambo ile. Mwezi ujao atajifungua. Sijui kama atapata mtu wa kumkanda maji ya moto. Sitaki hela ya mtu. Nataka kuvuka."

Kila nyumba ilikuwa na mtu wake ng'ambo.

Mzee Anyitike, ambaye kifua kinamsumbua, alinyoosha fimbo. "Mimi hela yangu naitaka mkononi," alisema. "Nina blanketi moja, na dawa zinakwisha. Daraja silipiti tena mimi. Msinione mbaya."

"Hatukuoni mbaya, baba," Esnath alisema. "Ni hela yako."

Walibishana mpaka jua likaonekana kidogo. Mwisho walikubaliana. Anayetaka atatoa nusu ya rejesho lake. Asiyetaka hatasumbuliwa. Wenye nguvu watasomba mawe na mchanga kila Jumatano. Wengi walitoa, si wote. Mwenyekiti aliandika muhtasari, na Stumai akaufuatilia halmashauri.

Wagombea wengine walipokuja, kila mmoja alikuta swali la daraja limemtangulia. Hata yule Mheshimiwa wa Hezekia alirudi, akaulizwa mbele ya watu, akajibu alivyoweza. Siku ya kura Esnath aliingia kwenye kituturi na kutoka. Kura yake alimpa nani? Hilo hakumwambia hata Yohane, na mimi sitalibuni. Nani alishinda, muulize mtu wa huko.

* * *

Asubuhi moja, wiki mbili baada ya kura, moshi wa ng'ambo haukutoka. Esnath alisimama nyuma ya jiko mpaka miguu ikafa ganzi. Siku ya pili pia haukutoka. Jioni ujumbe uliingia kwenye simu ya Yohane. Tupo alikuwa hospitali ya Igogwe. Amejifungua mtoto wa kike. Wote ni wazima.

Yohane alisoma ujumbe mara tatu kwa furaha. Esnath alimshukuru Mungu. Kisha aliingia jikoni akalia. Mwanawe alikuwa amezaa, na mama mkwe wake ndiye aliyemkanda na kumpikia uji. Daraja wakati huo lilikuwa chungu ya mawe na kamba za kupimia. Mambo ya halmashauri yana mwendo wake, na mtoto hangojei mhandisi.

Lakini Jumatano zilifuatana. Esnath hakuweza kubeba mawe, akawapikia wanaobeba. Mwezi wa sita saruji na nondo zilifika kutoka halmashauri. Hezekia naye alionekana akishusha mifuko, viatu vyake vimejua tope. Hakuna aliyemsema. Mzee Anyitike alikuja kukaa kwenye jiwe akiwa na blanketi lake jipya, akiwaambia mafundi wanavyokosea.

Mwezi wa nane daraja lilikwisha. Ni jembamba. Gari halipiti, lakini mtu mwenye mzigo kichwani anapita bila hofu, na lina vyuma vya kushikilia pande zote.

Esnath alivuka siku ile ile. Alishika chuma, akatembea polepole kwa sababu ya kiuno. Mto ulipiga kelele chini yake. Tupo alikuwa amesimama ng'ambo, mtoto mgongoni.

"Juba," Tupo alisema. Ni mama, kwa Kinyakyusa. Esnath alilisikia vizuri.

Walishikana mikono muda mrefu. Kisha Tupo alimfungua mtoto akamweka mikononi mwa bibi yake. Mtoto alikuwa na miezi minne. Alimtazama Esnath, akamtazama tena, halafu akaangua kilio. Alijinyoosha kumtaka mama yake. Kwake bibi huyu alikuwa mgeni.

"Atazoea, juba," Tupo alisema, naye machozi yalimlengalenga. "Hakujui tu."

Esnath alimrudisha mtoto. Ilimuuma, na hakuificha. Miezi minne haikurejeshwa na ofisi yoyote. Akaketi kwenye majani, karibu nao, akamwacha mtoto amtazame akiwa salama kifuani kwa mama yake.

"Mwache alie," alisema. "Kesho nitakuja tena."